Mziki wa Mwanakombo Hauazimwi

Mwanakombo ana sufuria kubwa ambazo watu wa mtaa wa Ufukoni wanazijua kuliko wanavyomjua mwenyewe. Zimepika pilau ya harusi, zimepika ubwabwa wa matanga, zimekesha jikoni kwa watu ambao yeye hajawahi kuingia ndani kwao. Mtu akifiwa, maiti haijaoshwa bado, tayari kuna anayepiga hodi kwa Mwanakombo kuulizia sufuria. Mikeka yake nayo ina miguu, na viti vyake vya plastiki vilevile. Vikirudi, alhamdulillahi. Visiporudi, haulizi. Ndiyo ujirani aliokulia: kitu chako ni chako mpaka mwenzio apate shughuli.

Kazi yake ni kushona. Aliolewa Mikindani akiwa binti, akaachika bila ugomvi mkubwa na bila mtoto, akahamia mjini na cherehani ya miguu aliyopewa na mama yake. Kwa cherehani hiyo alijenga nyumba yake chumba baada ya chumba, na barazani mwake ndiko wanafunzi wanakoshonewa sare na mabibi harusi magauni. Sasa anakaribia sitini. Uzi kwenye sindano anautunga kwa kubahatisha, lakini masikio yake hayajapungua kitu. Miaka yote aliyoshona alisikiliza redio ndogo iliyokuwa ikiongea kama mtu aliyebanwa pua, na hakudhani kwamba mtu wa namna yake angeweza kusikiliza kitu kingine.

Mambo yalibadilika mwaka ambao Mwalimu Modesta, jirani yake, alipata uhamisho wa kwenda Tanga. Mwanakombo alikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, wakakuta amplifaya ya zamani, uso wake wa chuma cheupe, ubavu wa mbao, na kitufe cha sauti kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Kando yake kulikuwa na pleya ya santuri isiyo na mfuniko na katoni ya santuri zenyewe, za taarabu na za dansi, baadhi zimepinda kwa joto.

"Ya marehemu baba," Modesta alisema. "Aliinunua akiwa kijana, kazini reli, Tabora. Upande mmoja umekufa. Lori limejaa, Bi Mwanakombo, na mimi sina moyo wa kuwapa wauza vyuma chakavu. Ichukue wewe."

"Nitaifanyia nini?"

"Uiweke tu. Ukishindwa, itupe wewe, nisione."

Mwanakombo aliweka mkono kwenye kile kitufe, akakizungusha. Kilikwenda polepole, kizito, laini, kama kinazunguka ndani ya mafuta. Alikuwa mtu wa mashine, na aliijua mashine iliyotengenezwa na mtu aliyejali. Akatafuta toroli.

Fundi aliyempelekea ni Fadhili wa mtaa wa Chuno, kijana mpole anayetengeneza televisheni na redio kwenye kibanda kilichojaa mpaka mteja anasimama nje. Fadhili aliifungua amplifaya, akatoa vumbi, akatoa mayai ya mjusi, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii imenizidi umri," akasema. "Sikudanganyi, sijawahi kufungua ya hivi. Lakini kila kitu kinaonekana. Siku hizi wanaficha. Hawa hawakuficha."

"Basi na mimi nikae nione."

Mafundi wengi hawapendi mteja akae. Fadhili alimpa stuli. Kwa majuma kadhaa, kila alipopata nafasi ya kuacha cherehani, Mwanakombo alikwenda Chuno kutazama. Aliona kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba matumbo zikitolewa na nyingine kuwekwa. Aliona vitufe vikisafishwa kwa spiriti, maana chumvi ya bahari ilikuwa imepita kila mahali, na kila kitufe kilipoguswa kilikwaruza kama mchanga kwenye meno. Ule upande uliokufa ulimsumbua Fadhili kuliko vyote. Alibadilisha hiki, akarudisha kile, mpaka siku moja alipogonga ubao kwa mpini wa bisibisi bila kukusudia na sauti ikarudi, ikapotea tena. Kumbe risasi ya kulehemu iliyoshika waya mmoja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliyeyusha risasi mpya juu yake, akacheka peke yake.

Spika zilipatikana palepale Chuno, uani kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari. Yalikuwa masanduku mawili ya mninga, mazito, yamelazwa ubavu, mbao za nyuma zimetoka, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Mzee alishangaa kwamba kuna mtu anazitaka, akamwomba tu asubiri yule kuku aliyeatamia amalize. Mwanakombo akasubiri. Vifaranga vilipoanguliwa, alizichukua, akayasugua masanduku kwa sabuni na majivu mpaka mninga ukaonyesha rangi yake.

Ndani, karatasi za spika zilikuwa nzima. Kilichokufa ni ile pete ya sponji inayoishika karatasi pembeni ili iweze kucheza. Ukiigusa, ilimeguka kama mkate mkavu.

"Hapa tumekwama," Fadhili alisema. "Pete za kipimo hiki mpaka zitoke nje ya nchi."

Mwanakombo aliichukua spika mkononi, akaigeuza. Akabonyeza karatasi kwa vidole, akaona inavyoingia na kutoka. "Kazi yake ni kushika bila kubana?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Hiyo ni kola," akasema.

Alikwenda nayo nyumbani. Alitoa ramani yake kwenye gazeti, kama anavyotoa ramani ya shingo ya gauni. Pete ya kwanza aliikata kwa turubai nyepesi, na sauti ikatoka kavu, imekakamaa, kama mtu aliyevaa shati lililombana. Ya pili aliikata kwa bitana, ikalegea mno. Ndipo alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akaikata bitana mshazari, kitambaa kinapovutika, akaipaka gundi ya mpira iliyozimuliwa, safu nyembamba sana, akaiacha ikauke kivulini. Fadhili alimfundisha kupachika vipande vya karatasi katikati ili koili, ule waya uliovingirishwa nyuma ya karatasi, isikwaruze wakati gundi inashika. Kwa kitambaa cha mbele hakuuliza mtu. Alisimama dukani akipuliza kila jora, na mwenye duka akimtazama, mpaka akapata linalopitisha pumzi bila kuizuia. Pleya ilihitaji mkanda mpya wa mpira na sindano, navyo Fadhili alivipata kwa marafiki zake wa Dar es Salaam.

Siku ya kuunganisha, Fadhili alikuja na nyaya. Alizivuta spika mbali na ukuta, akazielekeza kidogo ndani, akaweka kiti kimoja mbele yake. "Kaa hapo, mama. Hapo hapo, usiende pembeni."

Santuri ilikuwa ya taarabu ya zamani, mwanamke akiimba na udi. Mwanakombo alisikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Alimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kila ubeti. Na sauti ile haikutoka spika ya kushoto wala ya kulia. Ilisimama katikati, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na kalenda. Aliinuka akaweka sikio kwenye spika moja, kisha nyingine, kutafuta ni ipi inayoimba.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Hayupo popote. Hiyo ndiyo sterio," Fadhili alisema. "Kila spika inakuletea nusu. Unayeunganisha ni wewe."

Tangu hapo, kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na chakula kikishaliwa, Mwanakombo alifunika cherehani, akafunga mlango wa baraza, akakaa. Hakushona, hakuchambua mchele. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na kitu kisichomfanyia mtu kazi, na mwanzoni alijisikia kama anaiba.

Habari ikaenea: Mwanakombo kapata mziki. Na mjini hapa ukisema fulani ana mziki, maana yake ana spika za shughuli. Wakaja wa sherehe ya bibi harusi, wakaja wa kumtoa mwali, wakaja wa kipaimara cha mtoto wa polisi. Mwanakombo aliwajibu wote kwamba upande mmoja bado mbovu. Ilikuwa uongo, naye alijua, lakini hakuwa na maneno mengine. Hakuwahi kumnyima mtu kitu, kwa hiyo hakujua watu wananyimaje.

Selemani, mdogo wake, alikuwa na mziki wa kweli. Ndiyo kazi yake: spika nyeusi zenye kimo cha mtu, jenereta, maikrofoni, gari la kukodi, harusi mpaka Nanyamba. Alipokuja kuona alicheka mpaka akashika goti.

"Dada, hiki hakifiki hata barabarani!"

"Sikukitengeneza kifike barabarani."

"Sasa mziki gani wa kusikiliza mtu mmoja?"

Mwanakombo alikwenda jikoni. Alimpikia chai, wakaongea mengine.

Msimu wa korosho ulipoanza, shangazi yao alifariki Msimbati. Mwanakombo alitangulia kwenda, akamwachia Selemani nyumba kama desturi yao, maana ufunguo wa pili alikuwa nao yeye tangu zamani. Selemani alikwenda mazikoni, akarudi mjini siku ileile kwa sababu alikuwa na harusi ya watu Naliendele. Mwanakombo alibaki mpaka matanga yalipoondolewa. Alirudi na fungu la ming'oko, vile viazi vya porini, aliyofungiwa na ndugu, mchanga umejaa viatuni, akafungua mlango na kuona mezani imebaki pleya peke yake. Pale amplifaya ilipokuwa palikuwa na mraba msafi, na vumbi pembeni. Spika nazo hazikuwepo.

Alikaa kwenye kile kiti akiwa na fungu lake mapajani. Selemani alikuja jioni na bajaji, amplifaya ameifunga kwa kanga. Harufu ya kuungua iliingia kabla yake.

"Dada, pole na safari."

"Nishapoa. Hicho kimetoka wapi?"

Selemani alikiweka mezani taratibu, kama kinaumwa. "Watu walishakaa, bibi harusi yuko mlangoni, amplifaya yangu ikafa. Ningefanya nini? Nikasema, si ipo ya dada."

"Ya dada."

"Ilianza vizuri, wallahi. Tulipoongeza sauti ndipo ikatoa moshi. Na zile spika, zimechanika. Ziko kwenye bajaji. Sikujua kama ungekataa."

"Ulijua," Mwanakombo alisema. "Ndiyo maana hukunipigia simu."

Sufuria zake zilikuwa zimerudi zimebonyea, zimerudi bila vifuniko, moja haikurudi kabisa, na hakuwahi kuhisi kitu alichokihisi sasa. Aliweka fungu la ming'oko sakafuni. Hakupiga kelele, kwa kuwa aliogopa kwamba akifungua mdomo yatatoka ambayo hayarudi.

"Nipe ufunguo wangu," akasema.

"Ufunguo?"

"Wa nyumba."

Selemani alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kulipa. Hilo hakulitarajia. Aliutoa kwenye mkufu wa funguo zake kwa shida, maana ulikaa hapo miaka, akauweka mezani, akatoka bila kuaga.

Ukoo ukapata habari, kwa namna Selemani alivyoisimulia. Mama mdogo wao alipiga simu kutoka Mikindani. "Mwanakombo, umemnyang'anya ndugu yako ufunguo kwa ajili ya chuma? Chuma kitakuzika?"

"Hakitanizika, mama. Lakini aliyekiunguza ni ndugu. Basi akitengeneze kindugu."

Fadhili alipoifungua alitikisa kichwa. Transista kubwa za pande zote mbili zilikuwa zimekwisha, ingawa transfoma ilipona. Dukani zipo zenye jina hilohilo, alisema, lakini ni bandia: zitapiga wiki, kisha zitaondoka na vingine. Inatakiwa ipatikane mashine nzee ya ukoo mmoja na hii, iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Mwanakombo alifunika meza kwa kitambaa na kurudi kwenye redio yake ndogo, ila sasa alisikia kila kilichokosekana ndani yake, akawa anaizima.

Yeye na Selemani hawakutembeleana msimu wote wa korosho. Wakipishana sokoni walisalimiana kama watu waliowahi kuishi mtaa mmoja.

Kisha siku moja Fadhili akampigia simu aende Chuno. Alipofika, alimkuta Selemani amechuchumaa ndani ya kibanda, ameshika tochi, akimmulikia fundi. Kati yao kulikuwa na mashine mbili zimefunguliwa matumbo. Selemani alikuwa ameulizia kwa wapiga mziki wenzake wote anaowajua, kuanzia Lindi hadi Masasi na Newala, mpaka akampata mtu mwenye amplifaya ya ukoo uleule, iliyokufa kwa kunyeshewa na mvua.

"Usisogeze mkono," Fadhili alikuwa akimwambia. "Kivuli."

Selemani aliinua macho akamwona dada yake. "Nimeambiwa nisisogee," akasema.

"Usisogee basi."

Mwanakombo alivuta stuli akakaa. Selemani alimulika mpaka transista zikapachikwa. Upande wa kushoto ulitoka hafifu kidogo kuliko wa kulia, na Fadhili alisema hilo hana dawa nalo. Mwanakombo alizungusha kitufe cha kusawazisha kidogo kuelekea kushoto, na huko ndiko kilikobaki hadi leo.

Spika alizishona upya mwenyewe, barazani, na Selemani akaja kushika tochi ingawa kulikuwa mchana. Alitazama mkasi unavyozunguka kitambaa.

"Mbona unakata upande?"

"Ukikata sawa, hakivutiki. Kitu kisichovutika huchanika."

Selemani aliokota kipande, akakivuta, akasema spika zake huchanika kila mwezi na kuzipeleka kwa fundi ni gharama. Je, dada angeweza?

"Naweza. Lakini utalipa kama mteja, si kama ndugu."

Selemani alicheka, mara ya kwanza tangu ile harusi ya Naliendele. Ufunguo hakurudishiwa, naye hakuuomba. Siku hizi anapiga hodi mlangoni na kungoja aitikiwe, na mwanzoni ilikuwa aibu kwa wote wawili.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuja baadaye, nalo halikutoka kwa mtu mzembe. Sabra, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa anamwoza binti yake, Latifa. Sabra hajawahi kuvunja hata kikombe cha mtu. Alikuja barazani, akanywa chai nusu, akasema, "Nje atapiga Selemani na makelele yake. Ndani kwa wazee nataka sauti ya upole. Nikafikiria ile yako."

Mwanakombo alikuwa na uongo wake tayari mdomoni, ule wa upande mmoja mbovu. Akaumeza.

"Sabra, sufuria chukua. Mikeka chukua. Nichukue na mimi, nipike mpaka mgongo ukatike. Ile siazimi."

"Ni mbovu?"

"Nzima."

Sabra alimaliza chai yake yote, akaweka kikombe chini. "Haya. Nimesikia." Akajifunga mtandio akaenda.

Kwa siku kadhaa salamu za Sabra zilikuwa fupi, na Mwanakombo alilala vibaya. Mara mbili alifikia hatua ya kuchomoa nyaya aende nayo mwenyewe. Hakwenda. Siku ya harusi alifika alfajiri, akakoka moto, akapika. Katikati ya moshi, mwanamke mmoja akamenya kitunguu na kusema kwa sauti ya kusikika, "Wengine mziki wao hauazimwi. Wa kuangalia tu, kama picha."

Wanawake wakacheka. Mwanakombo aliendelea kukoroga. Jibu lilitoka mlangoni, ambako Sabra alikuwa anapokea sahani.

"Aliniambia usoni," Sabra alisema. "Wangapi mtaa huu wameniambia ndiyo, na tangu asubuhi simu zao zimezimwa?"

Vitunguu vikaendelea kumenywa.

Ijumaa iliyofuata, Mwanakombo akiwa ameshafunika cherehani, akasikia hodi. Ni Sabra, na korosho za kukaanga kwenye kibakuli. Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye mkeka upande wa kulia, akaulegeza mtandio wake. Santuri ikaanza. Baada ya muda akakunja uso.

"Mbona mimi napigiwa ngoma tu? Mwimbaji yuko wapi?"

"Sogea katikati."

"Katikati si umekaa wewe."

Mwanakombo alikitazama kiti, kisha akakitoa na kukiegesha ukutani. Akatandaza mkeka mbele ya spika, akakaa, na Sabra akaja kukaa ubavuni, bega kwa bega, wamebanana kama watu wanaogombea kivuli chembamba.

"Sasa?"

"Ngoja, usiongee," Sabra alisema. "Kumbe anavuta pumzi!"

Umeme ukakatika kabla santuri haijafika nusu. Sahani ya pleya ilizunguka peke yake kidogo, ikapunguza mwendo, ikasimama. Hawakuinuka. Walitafuna korosho na kungoja urudi.